Fundi Anayefundisha Mtandaoni Alipwe

"Kwa nini nilipe ada ya kujifunza useremala mtandaoni wakati YouTube ipo bure?" Swali hili utalisikia Darajani, utalisikia Mwanakwerekwe, utalisikia kwenye mabanda ya mafundi huko Fuoni, na mara nyingi anayeuliza hangoji jibu. Kwake mjadala umekwisha. Nyuma ya swali hilo zimepangwa kauli tatu za kulitegemeza. Ya kwanza, elimu Zanzibar ni bure tangu Mapinduzi. Ya pili, wazee wetu walirithishana ufundi bila kutoza senti. Ya tatu, kazi ya mkono haifundishiki kwa simu, kwa hiyo fundi anayedai ada ya uanachama kila mwezi ni mjanja anayeuza maneno, na kijana anayelipa ameliwa.

Nasema kinyume chake. Ada hiyo ni haki ya fundi, ni kinga ya mwanafunzi, na ni njia mojawapo iliyo karibu nasi ya kuuokoa uchongaji wa Unguja usiishie kuwa picha katika vitabu vya watalii. Nitazichukua kauli hizo moja moja. Kila moja ina chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayolifanya kosa lililobaki lipite bila kuhojiwa.

Tuanze na elimu bure. Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza kwamba elimu Zanzibar itatolewa bila malipo. Siku hiyo huadhimishwa kila mwaka, na inastahili. Lakini tulisome vizuri tangazo lenyewe. Lilimwondolea mtoto mzigo wa kulipa, halikumwondolea mwalimu haki ya mshahara. Gharama ilihama kutoka kwa mzazi ikaenda kwenye mfuko wa Serikali, na mfuko huo ulijazwa zaidi na karafuu. Mkulima wa Pemba aliyepanda mkarafuu kuchuma ndiye aliyemsomesha mtoto wa Makunduchi. Walimu walilipwa, madawati yalinunuliwa, chaki ililetwa.

Sasa nani anamlipa mchongaji wa Mji Mkongwe anapokaa mbele ya simu yake jioni, baada ya kazi ya kutwa, akaeleza namna ya kushika patasi? Hakuna. Hayumo katika orodha ya mishahara ya Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, wala hana mfadhili. Anayetaka masomo ya fundi huyo yawe bure kwa jina la 1964 ana njia moja ya haki: aidai Serikali imlipe fundi kwa niaba ya wanafunzi. Kumtaka fundi afundishe bila malipo huku tukilitaja jina la Mzee Karume ni kulitumia tangazo hilo kinyume na lilivyokusudiwa.

Tuje YouTube. Sina ugomvi nayo. Kijana wa Chwaka anaweza leo kumwona fundi wa Japani akiunganisha mbao bila msumari hata mmoja, jambo ambalo baba yake hakuliota. Tatizo ni neno "bure". Kwanza, kijana huyo amenunua bando. Kila wiki anailipa kampuni ya simu ili atazame somo, na kampuni hiyo haijawahi kushika randa. Analipa hivyo bila kulalamika, kisha anakasirika fundi aliyelitengeneza somo anapoomba chake. Pili, video hiyo inalipiwa na wenye matangazo, na masharti ya YouTube ya kugawa fedha hiyo hayakuwekwa kwa ajili ya mafundi wa Kiponda. Tangu 2018, mwenye chaneli ya video za kawaida hagawiwi mapato ya matangazo mpaka awe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Mchongaji anayefundisha kwa Kiswahili, kwa utaratibu, watu thelathini walio makini, hatafika huko. Atafika anayechekesha.

Hapo ndipo hasara ya mwanafunzi inapoanza. Video inayoishi kwa matangazo lazima imzuie mtazamaji asiondoke, basi hukata kila kilicho polepole. Kabati linaisha kwa dakika kumi. Kunoa hakuonekani, kusubiri mbao ikauke hakuonekani, kusahihisha kiungo kilichoachia hakuonekani. Lakini useremala ni hayo yaliyokatwa. Anayeanza anahitaji kukaa na jiwe la kunolea mpaka ajue pembe ya patasi kwa kidole, ajue bobari inavyonolewa tofauti na patasi bapa, ajue kuzisoma nyuzi za mbao ili asichonge kinyume nazo mbao ikachanika. Anahitaji somo la pili lije baada ya la kwanza. Anayeokota video huletewa somo la tisa kabla ya la pili, na la pili pengine halioni kabisa.

Tena, sehemu kubwa ya video hizo ni za Kiingereza, na mwalimu ana mashine ya kupigia randa, ya kupasulia na ya kutobolea, na mbao laini iliyokaushwa kiwandani. Kijana wetu ana mninga au mvule kutoka Bara, au mfenesi uliokatwa shamba, na vifaa vichache vya mkono. Mfenesi una tabia zake, na msaji una zake. Anayeweza kumwambia asubiri nini na aanzie wapi ni fundi aliyeuchonga mfenesi wenyewe, katika unyevu huu huu wa kisiwani. Fundi huyo yupo. Ndiye tunayemwambia asitoze.

Kauli ya pili, kwamba wazee walifundisha bure, inapendeza masikioni lakini haina msingi. Mwanagenzi aliyewekwa kwa fundi alifagia karakana, alibeba mbao, alinoa vyombo vya bwana wake, alipiga randa kazi za wateja siku nenda siku rudi bila ujira, au kwa kinachomtosha kula tu. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ada. Aliilipa kwa mgongo wake, na fundi aliipokea kila siku. Alipohitimu, desturi ya pwani ilimtaka atoe kilemba kwa fundi wake, kama mzazi alivyompa ufito mwalimu wa chuoni. Wazee wetu hawakuona aibu katika jambo hili. Walijua kwamba ujuzi una mwenyewe, na kwamba anayeupokea ana deni.

Na mfumo ule uliacha wengi nje. Uliichagua familia inayoweza kumkosa kijana wake shambani au baharini kwa miaka. Ufundi mara nyingi ulibaki ndani ya ukoo, baba kwa mwana, mjomba kwa mpwa. Binti hakuwekwa kwa seremala, hata awe na mkono wa namna gani. Leo kijana wa Bububu anayefanya kazi hotelini mchana hawezi kumpa fundi miaka mitatu ya kufagia. Anaweza kumpa shilingi elfu kadhaa kila mwezi na saa mbili za usiku. Ada ya fedha ina kiasi kinachojulikana, na mwanafunzi anaweza kuisitisha mwezi ujao akiona hafundishwi. Mwanagenzi wa zamani aliyegundua mwaka wa pili kwamba bwana wake anamficha kazi muhimu hakuwa na pa kudai. Kwa hiyo nikiulizwa ipi kati ya ada hizi mbili inamheshimu zaidi mwanafunzi, nitasema ya fedha, bila kusita.

Kauli ya tatu ndiyo nzito, na naikubali nusu yake. Ni kweli mkono haufunzwi kwa macho peke yake. Simu haikwambii uzito wa nyundo ya mti, haikusikilizishi tofauti ya sauti ya patasi inayokata na inayopasua, haikushiki kiwiko ukikosea. Anayeahidi kumtoa mtu asiyejua kitu na kumfanya mchonga milango kwa video pekee ni mwongo.

Lakini kutoka hapo kuruka hadi "haifundishiki kabisa" ni kuvuka mpaka. Tanzania nzima watu wanalipia madarasa ya WhatsApp ya keki, mapishi na ushonaji. Kupiga keki ni kazi ya mkono, na kukata gauni ni kazi ya mkono. Mwalimu anatuma video, mwanafunzi anajaribu nyumbani, anarudisha picha, anaambiwa alipokosea, anarudia. Hakuna anayesema akina dada hao wameliwa. Kwa nini ukweli huo ugeuke pale mwalimu anaposhika randa badala ya mwiko?

Nje ya nchi jambo hili limekwisha kupimwa. Mwingereza Paul Sellers, seremala wa vyombo vya mkono, alijenga darasa la mtandaoni lenye masomo ya bure kwa wanaoanza na masomo ya wanachama wanaolipa ada. Mmarekani Mary May, mchongaji wa majani na maua ya mtindo wa kale, alifundisha kwa video kazi inayokaribiana sana na yetu: kuchora kigezo, kukata mipaka ya ua kwa patasi iliyosimama wima, kushusha uwanja kwa bobari, kisha kuliumba jani mpaka lionekane linajikunja. Hatua hizo ndizo anazopita mchongaji wa Mji Mkongwe anapotia nakshi mwimo wa mlango. Tena katika jambo moja video inaishinda karakana. Mwanagenzi aliyesimama nyuma ya fundi huuona mgongo wake. Kamera ikiwekwa juu ya meza, kila mtu anaona ncha ya chombo inavyoingia, na anaweza kuirudisha nyuma mara ishirini bila kumchosha mtu.

Hapa nyumbani pia mfano upo. Mwaka 2016 mamlaka ya ufundi stadi, VETA, na kampuni ya simu ya Airtel walizindua VSOMO, programu ya simu iliyomwezesha mtu kusoma nadharia ya ufundi mahali alipo kwa kulipa ada, kisha kwenda chuo cha VETA kwa mazoezi ya vitendo. Huo ndio mgawanyo sahihi: simu ibebe kinachobebeka, na karakana ipokee kilichobaki. Fundi wa Malindi anaweza kufanya vivyo hivyo: masomo ya wiki kwenye simu, na siku moja ya mwezi wanachama wote kukutana bandani kwake wakiwa na mbao zao. Vituo vya mafunzo ya amali vya Mwanakwerekwe na Mkokotoni vingeweza kuwapa mafundi wa aina hiyo meza na vifaa kwa siku hizo. Serikali isingejenga kitu kipya. Ingefungua mlango tu.

Wapo wanaokuja na pingamizi jingine, na huwa wanalisema kwa uchungu wa kweli: nakshi ni urithi wetu, fundi akiziuza mtandaoni wageni watazichukua. Nauheshimu uchungu huo, lakini umekosea mahali pa kukaa. Nakshi zimesimama barabarani. Milango ya Shangani, Hurumzi na Sokomuhogo hupigwa picha na watalii kila siku, na kitabu cha Mwalim A. Mwalim na mpiga picha Uwe Rau, Doors of Zanzibar, kimeyaonyesha maua hayo dunia nzima. Anayetaka kuyanakili kwa mashine ya kompyuta hahitaji kujiunga na darasa la mtu. Kilicho siri, na kilicho hatarini, ni mpangilio wa kazi ndani ya kichwa cha fundi, na huo unapotea kwa kufichwa kuliko kwa kufundishwa. Isitoshe, ufundi wenyewe ulitufikia kwa kufundishana. Milango ya kale yenye kizingiti kilichonyooka juu ina mtindo tunaouita wa Kiarabu. Kuelekea mwisho wa karne ya 19 yakaja matao na maua mengi kwa mikono ya mafundi wa Kihindi, na njumu za shaba nazo zina asili ya India. Waswahili wa Lamu na Unguja waliyachukua yote hayo wakayafanya yao. Ujuzi uliovuka bahari kwa jahazi hauna sababu ya kuogopa kuvuka shehia kwa simu.

Hatari ya kweli iko kwingine. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 enzi za Sayyid Barghash, iliporomoka na kuua watu wawili waliokuwa katika kazi ya ukarabati. Jumba hilo ni maarufu kwa milango yake ya nakshi na roshani zake. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, na umejaa boriti, roshani, ngazi na milango inayodai seremala mwenye ujuzi kila mwaka. Kila mzee anayeondoka bila kuacha wanafunzi anapunguza idadi ya watu wanaoweza kuitikia wito huo. Hotuba juu ya urithi hazijaongeza mchongaji hata mmoja. Kipato kitaongeza.

Wanaosema wafadhili watagharamia wakitazame Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, DCMA. Kilifungua milango yake mwaka 2002 katika nyumba ya forodha ya zamani, kikafundisha taarabu, kidumbaki na ngoma, na kikaipeleka sifa ya Zanzibar mbali. Mwaka 2019 chuo hicho hicho kilikuwa kikitangaza kwamba huenda kikafungwa kwa kukosa fedha. Wanafunzi wengi hawakuweza kulipa ada, na misaada ilikuwa imepungua. Mtu anaweza kulitumia tukio hilo dhidi yangu: umeona, ada haitoshi. Mimi naona funzo jingine. Fedha ya mfadhili huondoka kwa uamuzi wa mtu aliye mbali ambaye hajawahi kukaa darasani. Ada ndogo ya watu wengi haiondoki kwa siku moja.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Fundi akiwa na wanachama 100, kila mmoja akitoa shilingi 5,000 kwa mwezi, anapata shilingi 500,000. Hawezi kupata wanafunzi 100 bandani, lakini mtandaoni, ukihesabu Unguja, Pemba, Tanga, Mombasa, Lamu na jamaa zetu wa Muscat, idadi hiyo si ndoto. Fedha hiyo inamruhusu kukataa kazi moja ya haraka ya kitanda cha hoteli, na muda huo akautoa kwa kufundisha. Mafundi watano wakiungana katika ushirika, mmoja akafundisha milango, mwingine makasha, mwingine viungo vya tundu na ulimi, wanachama wao wanapata chuo.

Masikini je? Hili ni swali la haki, na ada isiyolijibu haistahili kutetewa. Masomo ya kigeni yanayodai dola na kadi ya benki yanamfungia nje kijana wa Jang'ombe hata akiwa na fedha mkononi. Ada ninayoitetea iwe ya shilingi, ilipwe kwa simu, ikiwezekana kwa wiki, na kila ushirika utenge nafasi za wasioweza. Hapo ndipo Wizara na Mamlaka ya Mafunzo ya Amali zinapopaswa kuingia: zilipie vijana kadhaa wa kila wilaya ada ya mwaka, na fundi apokee malipo kamili. Huo ndio moyo wa 1964 ukitafsiriwa kwa vitendo. Umasikini wa mwanafunzi ni deni la jamii nzima. Si haki kumbebesha fundi peke yake, ambaye mara nyingi naye ni masikini.

Matapeli nao wapo, sikatai. Basi mwanafunzi awe na masharti kabla ya kutoa senti. Amwone mwalimu akifanya kazi mwanzo hadi mwisho, si picha za kazi iliyokwisha. Aone mpangilio wote wa masomo. Ahakikishe kwamba akituma picha ya kiungo chake atajibiwa, na kwamba anaweza kujitoa mwezi wowote. Anayeuza cheti kabla ya kuuza ujuzi aachwe. Masharti haya humtenga tapeli haraka, na yanawezekana kwa sababu mwanafunzi analipa. Asiyelipa hana sauti ya kudai.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kijana unayetaka kuwa seremala, tafuta fundi wa kweli, mlipe, kisha mdai kila ulicholipia. Fundi uliyezeeka na nakshi kichwani, usione haya kutaja bei; unachofundisha kina thamani sawa na unachochonga. Na wewe unayesema "YouTube ipo bure", jiulize mlango wa nyumba yako utatengenezwa na nani siku utakapooza. Atakayeutengeneza lazima afundishwe na mtu, na mtu huyo lazima ale.